Zamu ya Mzee Manase

Jumatatu asubuhi Lupe alikuwa akikuna nazi nyuma ya nyumba, mguu mmoja ukitikisika wenyewe, shangazi yake Meleane alipoingia uani na sepetu mbili begani. Ndani, baba yake, Sitaleki, alikuwa amelala ubavu, mkono tumboni. Ijumaa daktari aliwaambia ni saratani.

"Saratani gani!" alisema Shangazi. "Huo ni mzizi. Umemchoma baba yetu tumbo huko kaburini, na Sitaleki ndiye anayeumia. Tukiuchomoa atapona. Acha nazi, twende."

Lupe hakubisha. Tonga nzima hakuna anayebishana na dada wa baba yake. Akisema chimba, unachimba. Lakini roho ilimpaa. Alitaka baba yake awe hospitalini sasa hivi, kwenye foleni, na badala yake yeye alikuwa makaburini akitupa mchanga mweupe, akitupa kwa pupa kana kwamba anafukuzwa.

Hawakuchimba sana. Mzee Manase alikuwa amelala chali, mkeka wake wa heshima umefungwa kiunoni, vilevile alivyozikwa. Aliketi, akakung'uta mchanga masikioni.

"Meleane, umenenepa."

"Na wewe umekonda. Mzizi uko wapi?"

Shangazi hakumgusa, maana mwili wa baba haupapaswi na mtoto wake. Lupe, mjukuu, ndiye aliyempapasa tumbo na mgongo. Hapakuwa na mzizi, hata wa nyasi.

"Anaumwa hapa, chini ya mbavu, na usiku panazidi?" aliuliza mzee. "Basi ni ugonjwa wangu huo. Mimi sikuuawa na mzizi. Nilikufa nikisubiri kuitwa."

"Sisi tulisema mzizi," alisema Shangazi, akitazama pembeni.

"Mlisema, ndiyo."

Jirani aliwapeleka mjini kwa gari lake la mizigo. Mzee Manase alikaa mbele kwa heshima ya umri. Sitaleki alilala nyuma juu ya godoro, kichwa karibu na miguu ya dada yake. Hospitalini muuguzi alimwomba mzee afute miguu mlangoni, wakaelekezwa kwenye benchi.

Mashine ya kuuchoma ugonjwa ule haiko visiwani kwetu. Iko Nyuzilandi, na kuna kamati inayochagua wa kupelekwa. Kamati hukaa inapokaa. Lupe aliandikisha jina la baba yake, kisha akashindwa kutulia. Dirishani, kwenye benchi, mlangoni, dirishani tena.

"Keti, dada," alisema karani. "Unatutia kizunguzungu."

"Kamati inakaa lini?"

"Iko ndani inakaa. Na wewe kaa."

Hakukaa. Baba yake alikuwa akisaga meno kimyakimya ili asimtie hofu, na yeye alimsikia, akachukia kila mtu mle ndani aliyekuwa akinywa chai.

Alasiri dirisha lilifunguliwa.

"Manase Taufa!"

"Naam!" aliitika mzee.

"Umekubaliwa. Unasafiri Alhamisi."

Lupe alifika dirishani kabla karani hajafunga. "Huyu ni marehemu! Mpe baba nafasi hiyo, ni mwanawe wa kumzaa!"

Karani alimtazama mzee, akaona mchanga kwenye kola. "Naona kweli ni marehemu. Ila nafasi haihamishwi, hata kwa mtoto."

"Na baba yangu?"

"Kaandikishwa leo. Yuko nyuma ya wote."

"Akifa je?"

"Wengi hufa, dada yangu," alisema karani kwa upole. "Wala usiwe na wasiwasi. Jina halifutwi. Zamu yake ikifika tutamwita."

Lupe alilia palepale, kwa sauti, kwa hasira, bila kujifunika uso. Watu walisogeza miguu apite. Shangazi alivua shali yake ya begani, akampa mzee aitumie safarini, kwani Nyuzilandi kuna baridi.

Mzee Manase aliinuka, akauweka sawa mkeka wake.

"Sitaleki, njoo ukae hapa nilipokaa," alisema. "Kuna ukuta wa kuegemea. Utauhitaji."

Sitaleki alisogea taratibu, akaegemea, akavuta pumzi. Akapapasa nafasi iliyobaki kando yake.

"Ni kweli, pazuri," alimwambia binti yake. "Njoo ukae, mwanangu."

Lupe hakukaa.