Nepi Zilizofuliwa Mara Mbili

...na hiyo mikono haishuki, imenyooka tu pale mlangoni, mikono ya jirani yake fundi cherehani, uzi mwekundu umenata kwenye gauni, sindano imechomekwa kifuani, anasema, "Nipe huyo mtoto, mwanangu, ukajinyooshe kidogo, mimi leo sina kazi," uongo mtupu, hana kazi wakati tangu alfajiri cherehani ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta kama inakimbizwa, sare za shule zimejaa mpaka kwenye kiti cha wateja, mtu mwenye kazi zote hizo anataka nini kwa mtoto wa mwenzake, anataka nini, maana hakuna anayetoa bure, hilo yeye hakufundishwa darasani, alifundishwa kwa shangazi, shangazi aliyemchukua baada ya mama yake kufariki, akamlisha, akamsomesha mpaka kidato cha nne, ndiyo, nani anakataa, lakini kila mgeni aliyeingia alionyeshwa, "Mnamwona huyu? Bila mimi angekuwa jalalani," na yeye kapiga magoti na sinia la chai, mgeni anatikisa kichwa, shangazi anamalizia, "Sema asante, mbona umenuna," asante shangazi, asante kwa sabuni, asante kwa viatu vya binamu vilivyombana, asante mpaka neno lenyewe likawa na ladha ya kutu mdomoni, shukrani ya punda ni mateke, ndivyo alivyoambiwa siku alipoondoka na mumewe bila kugeuka nyuma, na mbona hakuna anayemuuliza punda alibebeshwa nini... "Unanisikia?" fundi anauliza, anamsikia, si kiziwi, mtoto amemlalia begani, mzito kuliko jana, nepi imelowa, na zile nepi, Mungu wangu, zile nepi, wiki iliyopita mvua ilipiga yeye yuko ndani ananyonyesha, kutoka mbio anakuta kamba tupu, na kesho yake nepi zote ziko mlangoni, zimefuliwa upya, zimekauka, zimekunjwa pembe kwa pembe, nani mwingine anakunja hivyo kama si mtu anayeshinda na mkasi na vitambaa, na badala ya kufurahi akawaka, kumbe ananiona mchafu, kumbe nepi zangu hazitakati, akazitumbukiza zote kwenye maji akazifua tena, safi zilezile, akazisugua mpaka vidole vikachubuka, kama mtu anayefuta alama za mwizi, akazianika upande wa dirisha la fundi, aone, na fundi akaona, akapita akasema tu, "Loo, leo zimetakata kweli," akacheka, kicheko hakina sumu, na hicho ndicho kilichomkera, kwamba hakikuwa na sumu, angalau kwa shangazi ulijua kisu kiko upande gani... "Au unaogopa nitamchoma?" fundi anachomoa sindano kifuani, anaichomeka kwenye mbao ya mlango, "Haya, sina silaha tena, nikague," na yeye asicheke, akicheka atalia, akilia atasema, na akisema huyu mama atajua kwamba asubuhi hii, akimwogesha mtoto, alilala, si kusinzia, alilala kabisa, amechuchumaa pale mbele ya beseni, macho yakajifumba, mkono ukalegea, na kilichomwamsha si kilio, mtoto hakulia, kilichomwamsha ni ukimya, uso mdogo umeinama upande na maji yako puani, akamnyakua, akampiga mgongo, kohoa, kohoa baba, kohoa, akakohoa, akalia, na alipolia ndipo upande wa pili wa ukuta cherehani ikanyamaza. Ilinyamaza ghafla, katikati ya mshono. Ndiyo maana yuko hapa. Alisikia, na atasema, atamwambia nani, baba mtoto yuko barabarani na lori, mama mkwe kwenye simu ni yaleyale, "Sisi tulizaa na kesho yake tuko shambani, nyinyi wa siku hizi ni mayai," ndiyo mama, asante mama, basi atawaambia wateja, akiwapima viuno, futi shingoni, yule binti wa jirani, bila mimi yule... na hapo hapo anaisikia sauti ya shangazi ikitoka kinywani mwa fundi, na haikai vizuri, inapwaya, kama gauni la mtu mwingine, lakini hata ikikaa, hata akisema, shangazi alisema miaka yote na hakuna mfupa uliovunjika, iliuma, bado inauma, lakini alikuwa hai wa kuumia, na maji je, maji hayakusimangi, maji hayasubiri mgeni aje, maji hayasemi kitu, yanaingia tu puani... "Mwanangu, hata cherehani huwa naipumzisha, na ile ni chuma," fundi anasema, mikono bado iko palepale, naye ni mtu mzima, mgongo wake umechoka, na asante haiji, anaitafuta haiji, pale ilipokuwa kuna kutu tu, basi isije, nani alisema lazima itangulie, atamchukia huyu mama, ataichukia mikono yake na utani wake na uongo wake wa kutokuwa na kazi, atamchukia kesho na keshokutwa kama moyo ndivyo unavyotaka, ila leo atamchukia akiwa amelala, na mtoto akiwa mikononi mwa mtu aliye macho.