Mkono wa Mwisho wa Vanishi

Mkwe wangu ni mtu wa kusoma makopo. Anasoma kopo la rangi, anasoma chupa ya dawa ya kikohozi, anasoma hata pakiti ya chumvi, kana kwamba chumvi ina siri. Karakana nzima tunamwita Bwana Lebo, naye anacheka tu. Mwanaume anayechekea jina kama hilo mimi simwelewi.

Amemwoa binti yangu, na binti yangu ndiye fundi. Yeye mume anauza viatu. Viganja vyake laini, havijawahi kuota sugu hata moja, na bado kila akitoka dukani anapita hapa kunifundisha kazi niliyoifanya miaka thelathini na sita.

Siku hiyo palikuwa na meza ya mvule ya watu wanane, oda ya kwanza ambayo mteja alimtaka binti yangu na si mimi. Mteja huyo, mkuu wa maktaba, angeifuata kesho yake asubuhi. Binti alikuwa ameipaka rangi ya mbao wiki nzima, akipaka na kufuta, mpaka ikatoa wekundu wa kahawia ambao mimi, nakiri, sijawahi kuupata. Sikumwambia. Mtoto ukimsifu mapema huvimba kichwa.

Ilibaki vanishi, na kwangu mkono wa mwisho wa vanishi ni wangu. Meza haijawahi kutoka hapa bila mimi kuipitia. Binti anajua, kwa hiyo akaenda kununua vipira vya miguu ya meza, akaniachia.

Bwana Lebo akaingia na kopo mkononi na kitu kimefungwa gazeti kwapani.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Niliitikia. Adabu ni adabu.

“Baba, unapaka vanishi gani?”

Nikamwonyesha kopo langu. Akaligeuza, akaanza kusoma, midomo ikimcheza kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Hii ina thina,” akasema. “Na rangi ya mke wangu safari hii kaichanganya na thina. Ukipita na brashi si utaiamsha, iyeyuke? Bora hii ya maji. Au ujaribu kwanza kwenye kipande, nimekuletea.”

Akafungua kopo lake. Ndani mlikuwa na kitu cheupe pee.

“Hayo maziwa,” nikamwambia.

“Ikikauka inakuwa angavu, baba. Wameandika—”

“Wameandika! Wewe mbao umeanza kuzijua lini? Nenda kauze ndala.”

Akaninyooshea lile furushi la gazeti. Nikalipokea, nikalitupa kwenye gunia la maranda bila kulifungua, mbele ya macho yake, ili ajue. Kujaribu ni kazi ya wanafunzi.

Rangi zangu zote nimezichanganya kwa mafuta, na vanishi ile haijawahi kunigeuka. Inakauka upesi, inang'aa. Nikachovya brashi, nikavuta mkono mmoja mrefu kutoka pembeni. Brashi ikarudi nyekundu.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikarudia, kwa sababu Bwana Lebo alikuwa mlangoni anatazama. Kila nilipopita, rangi ya binti yangu iliinuka na kukusanyika mistari mistari, na katikati ya meza pakabaki mabaka mabaka. Mkwe akabaki na kopo lake mkononi. Angesema neno, ningepata pa kumshika.

Binti aliporudi, aliiona meza kabla ya kutuona sisi.

“Baba, hukujaribu kwenye kipande?” Kisha akamgeukia mumewe. “Si nilikupa umletee?”

Bwana Lebo akalitazama gunia, kisha akanitazama mimi.

“Nilisahau,” akasema. “Nisamehe, mke wangu.”

Akafokewa palepale, mbele yangu. “Kazi yangu ya kwanza, kitu kimoja tu nimekuomba, kichwa chako kina nini!” Muuza viatu akainamisha kichwa, akanibebea lawama. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto.

Nikaingiza mkono kwenye maranda, nikatoa furushi, nikachana gazeti. Kilikuwa kipande cha mvule, kimepakwa wekundu uleule. Nyuma yake palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wa binti yangu: “Baba, jaribu hapa kwanza. Vanishi utakayoichagua wewe ndiyo hiyo hiyo.”

“Alinipa,” nikasema. “Nilikitupa.”

Hakunifokea mimi. Alimpigia simu mkuu wa maktaba, akaomba siku tano, akaomba tena. Halafu akachana msasa vipande viwili, kimoja akampa mumewe, wakaanza kukwangua, huyu upande huu, huyu upande ule.

Nilinyoosha mkono nipewe changu.

“Pumzika, baba,” akasema, bila kuinua macho.