Kuchambua Kichwa

Mdogo wangu Felisita alikuwa na kisomo, ila kunyamaza hakujua, na hilo linanitia hasira mpaka leo.

Alikuwa mwalimu wa sekondari, anasomea shahada ya pili ya fasihi. Likizo hiyo alikuwa ukweni Mwamapalala, kutwa na riwaya za mwandishi mmoja wa Kiingereza wa miaka mia iliyopita, mwanamke aliyeacha kusimulia matendo ya watu akaandika yanayopita akilini mwao. Mimi nilikuwa nimekwenda kuwasaidia pamba.

Tumekaa uani tunachambua, safi huku, chafu kule, mama mkwe wake, Kwandu, akamuuliza, "Mayu, mkwe wangu, na wewe na kitabu chako, unachambua nini?"

"Vichwa vya watu, mama," Felisita akajibu huku anacheka. "Huyu Mzungu anaingia kichwani mwako, anasikia unachowaza kabla hujasema. Na mimi ndiyo nafundishwa."

"Hata changu?"

Nilimkanyaga mguu. Wapi! "Sasa hivi unamuwaza Nyanda," akasema.

Nyanda ni kitindamimba wa Kwandu, aliyefariki mwaka jana. Yeyote angebahatisha, maana mama wa watu alikuwa akimtaja kila tukianika pamba. Lakini mikono yake ilisimama, akaiacha pamba, akaingia ndani.

"Funga mizigo, twende kwangu Bariadi leo leo," nikamwambia Felisita. Akanicheka. Eti sura ya nne haijaisha, eti mimi na ushamba wangu.

Wiki hiyohiyo Kwandu akaanza kulalamikia kichwa. Hospitali walisema presha imepanda mno. Alifariki, na neno lake la mwisho kwa wanawe lilikuwa, "Mke wa Januarius amenichambua kichwa."

Tulizika asubuhi. Mchana wanaume wakamwita Felisita, wakamkalisha katikati. Januarius, mumewe, alitazama chini. Niliogopa, jamani.

Shemeji yake mkubwa, Masalu, akaongea kwa upole kabisa. "Mwalimu, hatuna ugomvi. Tuambie tu, sisi hapa tunawaza nini?"

Nilimkonyeza, nikatikisa kichwa. Sema hujui, mtoto wa mama yangu, sema hujui!

Felisita akawatazama mmoja mmoja, machozi yanamtoka. "Mnawaza kwamba nimemuua mama."

Masalu akawageukia wenzake. "Mmesikia wenyewe."

Januarius akainuka, akaenda kufunga lango la ua.