Matofali ya Sisimizi

Jumatatu asubuhi fundi mwashi alipiga magoti, akapeleka mkono chini ya kitanda cha binti yake, akavuta tofali. Lilikuwa la kuchoma, pembe zake kali, bado lina joto. Akalipima kwa rula, kwa mazoea tu, akaliweka mlangoni. Kila usiku ambao mtoto alikohoa, kulikucha na tofali moja. Usiku aliolala vizuri, hapakuwa na kitu.

Saa moja Mchungaji alifika na toroli kuchukua tofali, mabuti miguuni, kama alivyofika kwa miezi minane. Hakuwa mtu mbaya. Alipomwombea mtoto alilia machozi ya kweli. Alifundisha kwamba dhahabu haisafiki bila moto, na kwamba Ayubu hakumjua Mungu sawasawa mpaka alipoketi majivuni.

Fundi aliyaamini hayo, tena kwa ushahidi. Zamani alisali kama kasuku. Siku hizi alisali kama mtu anayezama, na mara nyingine, akiwa juu ya jukwaa akiyapanga matofali hayo kwenye ukuta wa kanisa, alihisi Mungu yuko karibu hata angeweza kumsikia akipumua. Hapo ndipo alipoumia. Faraja yake yote ilitoka kifuani mwa mtoto wa miaka tisa, mwembamba hata wakamwita Sisimizi.

Jumanne mkewe alivua foronya ya mtoto ili aifue, vidonge vikamwagika sakafuni. Vilikuwa vidonge vya kifua vya miezi miwili, vimeloa mate vikakauka. Alimwita mumewe, akamwonyesha kwa kidole.

Sisimizi hakuona haya. Alimweleza baba yake taratibu, kama anayemfundisha hesabu.

"Nikimeza sikohoi, baba. Nisipokohoa, ukuta utaisha vipi?"

Fundi aliketi palepale sakafuni. Alikumbuka jinsi muuguzi wa zahanati alivyoshangaa dawa kutofanya kazi, akaonya kwamba kifua kikiendelea hivyo mtoto hatafika mwisho wa mwaka. Akaona aibu, akaona hofu, na hofu ikaishinda aibu. Alimbembeleza mtoto, akamkaripia, akambembeleza tena. Sisimizi alifumba mdomo kama kufuli. Angefungua kwa neno la Mchungaji tu, kwa kuwa ndiye aliyemwambia kuwa anaijenga nyumba ya Bwana.

Basi fundi akamfuata kanisani. Mchungaji alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatazama juu ya ukuta. Yalikuwa yamebaki matofali manne, pale kileleni.

"Nitamwambia, fundi. Jumapili ikishapita. Ufunguzi tumeshautangaza."

"Mchungaji, huyu ni mtoto."

"Hata Samweli alikuwa mtoto," alijibu Mchungaji, akamshika bega kwa upendo.

Fundi alirudi nyumbani, akabomoa kipande cha ukuta wa jiko lake, akatoa matofali manne na kuyasukuma chini ya kitanda cha mtoto. Akamwambia kazi imekwisha, sasa ameze. Sisimizi aliinama, akayagusa moja moja.

"Ya baridi haya, baba," alisema polepole, asimfedheheshe.

Jioni hiyo fundi hakuomba aelezwe maana ya mateso. Maana hiyo alikuwa nayo, imemjaa hadi kooni. Aliomba kitu kimoja tu: kikohozi hicho apewe yeye. Akalala hivyohivyo na nguo za kazi.

Kulipokucha, chini ya kitanda chake na mkewe kulikuwa na tofali. Lilikuwa la moto hata akalibeba kwa kitambaa. Akalipeleka kwa Sisimizi, akakiweka kiganja cha mtoto juu yake.

"Hili ni langu. Sasa zamu yangu. Wewe meza."

Mtoto aliliacha joto limwingie mkononi. Alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kama fundi mkubwa anayemkagua kibarua mpya. Kisha akafungua mdomo. Mama akamshikia kikombe, maji yakamwagikia shingoni mwa mtoto, na kidonge kikashuka. Kama kilikuwa kimechelewa au la, hakuna aliyejua.

Saa moja Mchungaji alifika. Aliambiwa yote, akamshukuru Mungu kwa yote. Akaligonga tofali kwa kidole, likalia vizuri. Akasema la mtu mzima lina uzito wake, na kwamba sasa wangeweza kufikiria chumba cha kwaya. Akalipakia. Akainua mikono ya toroli, akaiteremsha tena, na akauliza kwa upole kama mama wa mtoto hulala kitanda kimoja na fundi au ana chake.