Fundi Bora wa Runinga

Pale Kiriaini, ukitaka kumchokoza Simiyu, ulimtajia tu yule Mzungu mzee wa runinga, anayechonga mbao kwa mkono, polepole, huku akinong'ona. "Huyo anachonga au anasali?" Simiyu angefoka. Yeye alikuwa shabiki wa yule kijana wa kipindi cha saa tisa, mwenye mashine za kila aina na mdomo usiotulia. Wamae naye alimtetea mzee wake kufa kupona. Walikuwa maseremala wawili, karakana moja, na kila Jumapili baada ya kanisa walibishana mbele ya runinga ya Simiyu mpaka chai ikapoa.

Kisha Simiyu akaangushwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukafa. Daktari alisema ulimi bado unaweza, ila asipoongea utazidi kuwa mzito. Simiyu akakataa katakata kuongea. Wiki nenda, wiki rudi, anatazama ukuta tu.

"Shemeji, mchokoze," mkewe Tryphosa akamsihi Wamae. "Hakuna mwingine anayeweza kumkasirisha kama wewe."

Basi Jumapili hiyo, kijana wa mashine alipotokea tu kwenye runinga, Wamae akaanza. "Ona huyu! Stima ikipotea, hata kigoda hawezi kutengeneza. Ati fundi!"

Simiyu macho ukutani.

"Kiti chake nikikikalia, naanguka!"

Tuseme ukweli, kijana yule kazi aliijua, na Wamae aliona haya kumtukana hivyo. Lakini angemtukana hata babake mzazi, mradi Simiyu ajibu.

"Mzee wangu na randa yake ya mkono anamshinda huyu na mashine zake zote. Si ukatae? Kataa, Simiyu!"

Simiyu akageuza kichwa. Mdomo ukapinda, ukahangaika.

"Ni kweli," akasema. "Mzee wako... ndiye fundi."

"Asante Yesu! Ameongea!" Tryphosa akapiga kelele, akatoka mbio kuwaita majirani.

Lakini Wamae hakufurahi; miaka yote ile Simiyu hakuwahi kumkubalia hata mara moja. Akaushika ule mkono uliokufa, akautikisa. "Wacha mchezo, bwana. Yule mzee ni mzembe, hata wewe unajua. Sema ni mzembe. Nakuomba."

Simiyu akamtazama kwa upole ambao Wamae hakuwahi kuuona machoni mwake.

"Umeshinda, ndugu yangu," akasema, kisha akageukia ukuta.

Majirani walipoingia wakiimba, walimkuta Wamae analia kwa sauti, wakadhani ni furaha.