Kwa Nini Jabali Anabeba Kabati

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu mkubwa, yule anayefua mashuka ya hospitali, Jumapili moja alipokuja kunikata kucha za miguu. Mimi kuinama siwezi tena, na mkono wake hautetemeki. Alianza kusimulia kwenye kidole gumba cha kulia. Alipofika kidole cha mwisho cha kushoto bado hadithi ilikuwa mbichi, ikabidi anisugue na visigino.

Wakati ule mumewe alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la vigae. Ni mtu mwembamba, mpole, shati linamkaa kama limeanikwa kwenye kamba. Akirudi asubuhi anaoga, anakunywa chai, analala hadi jioni. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini wiki ile alikuwa hapati usingizi hata kidogo, na msimamizi wa ghala alishamkuta amesinzia kwenye kiti. Hakumgombeza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba akimkuta hivyo tena, asisumbuke kurudi. Ile sauti ya chini ndiyo iliyomtia hofu.

Waliomnyima usingizi ni wadogo wa mkewe, ambao nao ni wajukuu zangu. Mmoja ni mwalimu wa sayansi, na shule zilikuwa zimefungwa. Mwingine, kitinda mimba wetu, ni mchoraji. Walikuwa wanatunga hadithi ya picha kwenye gazeti la Jumamosi, mwalimu anaandika maneno, dada yake mdogo anachora. Hadithi ilimhusu mtu aitwaye Jabali, mwenye nguvu kuliko wanadamu wote. Anainua magari, anazuia kuta zisianguke, halafu anaondoka zake kabla hajaambiwa asante. Kazi hiyo walikuwa wanaifanyia sebuleni kwa dada yao kwa sababu dirisha lake ni kubwa na chai yake haikatiki.

Sasa mhariri wa gazeti alikuwa amepiga simu. Wasomaji wanauliza, Jabali nguvu amezitoa wapi? Ni sayansi au ni uchawi? Jibu litoke wiki hii, na ukurasa umfikie jioni ileile. La sivyo nafasi yao ataweka mafumbo ya maneno.

Mume wa mjukuu wangu alikuwa amerudi kutoka kazini na kuvua kiatu kimoja, mchoraji akamwita.

"Shemeji, kidogo tu. Simama hapo, inua mkono kama umebeba kabati."

Akainua. Mchoraji akachora, akafuta.

"Mkono unadanganya. Unaonekana unasimamisha basi."

"Nifanyeje sasa?"

"Shika kabati lenyewe, hata pembeni tu."

Kabati lilikuwa hapohapo sebuleni, maana siku lilipoletwa lilikataa kupita mlango wa chumbani. Ni kabati la mbao nzito, milango miwili, kioo katikati, na ndani nguo zote za nyumba. Huyu bwana hapendi kubishana na shemeji zake. Akavaa tena kile kiatu, akainama, akaingiza kiganja chini ya kabati, akalipandisha juu ya kichwa.

"Hivi?"

"Juu kidogo. Hapo. Usitikisike."

Mjukuu wangu aliporudi kutoka zamu ya alfajiri alimkuta mumewe katikati ya sebule, mkono mmoja kiunoni, mwingine juu, na kabati juu ya mkono.

"Taulo langu liko wapi?" akamuuliza.

"Rafu ya chini."

Akapanda kwenye stuli, akafungua kabati, akachukua taulo, akaenda kuoga. Nilimkatiza hapo. Nikamuuliza, wewe hukushangaa? Akanijibu, "Bibi, nilikuwa nimetoka kazini."

Alipomaliza kuoga ndipo akaanza kuona mambo.

"Mbona hujalala?"

"Bado wanaandika," mumewe akasema.

"Weka chini ukalale."

"Haliendi chini. Nimejaribu dada yako alipokwenda kuchonga penseli. Mkono hausikii."

Mchoraji akainua kichwa. "Ah, hapo itakuwa ni mimi. Nimeshampaka wino. Jabali kwenye picha anabeba, basi na yeye anabeba."

"Atashusha lini?"

"Tukishakubaliana sababu," mwalimu akasema. "Picha ni ya wino, lakini maneno bado ni ya penseli. Sababu ikikaa vizuri, ukurasa umekwisha, shemeji anapumzika. Ni jambo la dakika chache."

Wajukuu zangu hawa wawili hawajawahi kukubaliana hata juu ya dirisha, lifunguliwe au lifungwe.

Mwalimu akachukua penseli, akaandika chini ya picha: Jabali ana nguvu kwa sababu aliguswa na umeme wa mashine ya kupiga picha za mifupa.

Taa ya sebuleni ikafifia. Friji ikakohoa, ikanyamaza. Nywele za shemeji yao zikasimama, na kutoka nyumba ya pili ikasikika sauti ya fundi cherehani akiuliza nani amegusa umeme wake.

"Mnaona," mwalimu akasema, amefurahi. "Nguvu haziji bure. Lazima zitoke mahali."

"Shemeji," yule bwana akasema, "nasikia njaa."

"Hiyo ndiyo sayansi yenyewe. Mwili unadai."

Mkewe akaleta mkate, akamlisha kwa mkono wake kama mtoto. Mkate ukaisha. Akaleta wali wa jana, ukaisha. Akaleta maharage yaliyokuwa ya jioni. Mwalimu alikuwa pembeni na kikokotoo, anazidisha uzito wa kabati kwa urefu wa dari. Akatangaza kwamba kwa hesabu yake shemeji atahitaji sufuria nyingine mbili ili afike saa sita.

"Nyumba hii haina sufuria nyingine mbili," dada yao akasema.

"Sayansi haiangalii sufuria zako, dada."

"Basi iondoke."

Mchoraji akamnyang'anya kaka yake penseli, akafuta, akaandika: Jabali ana nguvu kwa sababu bibi yake alimwachia pete.

Bibi wa kwenye picha ni mimi, nataka ieleweke. Na pete sijawahi kuwa nayo. Nilikuwa na bangili ya shaba, ikapotea mtoni nikifua. Lakini pete ilitokea kidoleni kwa mume wa mjukuu wangu, ya fedha, ina jiwe la kijani. Taa zikarudi, friji ikaanza kunguruma, njaa ikakatika. Kabati likawa jepesi mkononi mwake kama sinia tupu.

"Sasa hapo," akasema, "mtu anaweza hata kusinzia."

"Usisinzie, utaharibu shingo," mchoraji akamwambia.

Mwalimu hakukubali. Alisimama, akaanza kutembea huku na huku kama yuko darasani. "Pete. Kila kitu pete. Akitaka kuruka, pete. Akitaka kupotea, pete. Sasa adui atamwogopesha na nini? Sayansi ina mipaka, ndiyo maana hadithi inakwenda. Uchawi wako huu ni mtoto wa tajiri."

"Uchawi una mipaka kuliko hiyo sayansi yako. Una miiko."

"Taja mmoja."

Mchoraji akafikiri, akaandika: Jabali asisalimiwe. Kila salamu humwongezea mzigo.

Alipofika hapo nilimwambia mjukuu wangu aache kwanza kisigino. Maana katika miiko yote aliyoweza kuandika mtoto yule, asile, asioge, asivuke maji, akaenda kuchagua huo.

"Hodi humu," ikasema sauti mlangoni.

Ni yule fundi cherehani wa jirani, na pasi yake mkononi. Alikuja kulalamikia umeme. Lakini ni mwanamke mwenye adabu zake, hawezi kumlalamikia mtu kabla ya kumjulia hali.

"Karibu," mjukuu wangu akasema, mdomo umeshazoea.

"Hamjambo?"

"Hatujambo."

Shemeji yao akaguna. Visigino vyake vikazama kwenye sakafu kama kwenye unga.

"Habari za tangu jana?"

"Nzuri tu."

Akazama hadi kwenye kamba za viatu. Watatu wale wakaangaliana. Kuna maneno mtu anaweza kumwambia jirani, na kuna yasiyosemeka. Unaweza kumwambia kwamba pasi yake imeungua kwa sababu yenu. Huwezi kumwambia asikusalimie.

"Mwalimu, za kazi?"

"Likizo, mama."

"Hata likizo ina zake. Na huyu mchoraji wetu, mzima? Na mkono?"

"Mzima, mama. Mama, hiyo pasi..."

"Nakuja kwenye pasi. Na wewe shemeji? Mbona leo mfupi?"

Yule bwana akataka kujibu, pumzi ikakataa. Sakafu ilikuwa imefika katikati ya miundi. Kioo cha kabati kilikuwa kinalia kama kikombe kwenye treni.

"Haya, poleni na shughuli. Na bibi yenu, anaendeleaje? Miguu imepoa?"

"Anaendelea vizuri," wakasema wote kwa pamoja, na mume wa mjukuu wangu akashuka hadi magotini. Kwa hiyo kipande cha magotini ni changu. Nilisikitika, lakini pia mtu akikuulizia unafurahi.

Baada ya hapo akaeleza habari ya pasi, maneno machache, akapewa samahani, akaaga. Alipoaga wakashika pumzi. Hakikutokea kitu.

"Kwa nini kuaga hakumzamishi?" mwalimu akauliza mara mlango ulipofungwa.

"Kuaga si kusalimia."

"Nani kasema? Kanuni iko wapi? Unaona sasa, uchawi unajitungia njiani."

"Na umeme wa mifupa uko kwenye kitabu gani?"

"Angalau ungeweza kuwepo."

"Pete ipo. Iangalie kidoleni."

"Jamani," yule bwana akasema kutoka chini. Mchoraji akafuta mwiko, na mzigo ukampungukia, ingawa miguu ilibaki ndani ya sakafu. Mwalimu naye akafuta pete, akarudisha umeme. Fundi cherehani akapiga ukuta. Mchoraji akafuta umeme. Karatasi ilikuwa imeanza kuota manyoya mahali pale pa maneno. Saa sita ikapita, saa nane ikapita, na jua likaanza kuhama kwenye dirisha.

Mjukuu wangu alikuwa anamtazama mumewe tu. Kope zilikuwa zinashuka, anazivuta juu, zinashuka. Akilala hapo alipo, kabati litakuja juu yake na juu ya wote. Na asipolala hapo atakwenda kulala ghalani, kwenye kiti, na msimamizi atamkuta, na kazi itakuwa imekwisha.

"Unataka iwe ipi?" akamuuliza. "Sayansi au uchawi?"

"Mke wangu, mimi nataka kulala."

Akaenda mezani. "Nipeni penseli."

"Dada, wewe hujui hadithi," mwalimu akasema.

"Nipe penseli, nisije nikakukumbusha nani alikuwa anakubadilisha nepi."

Akapewa. Akaandika kwa mwandiko wake mkubwa: Jabali akaweka kabati chini.

Wakangoja.

"Bado," mumewe akasema.

"Hilo ni tukio," mwalimu akamweleza, kwa upole sasa. "Siyo sababu. Ukurasa unadai sababu."

Akafuta. Akashika penseli kama mtu anayeshika mwiko wa kusonga, akaandika: Jabali ana nguvu kwa sababu hulala mchana. Akilala mtu asimwamshe.

Yule bwana akang'oa mguu mmoja sakafuni, akang'oa na wa pili. Akaliweka kabati mahali pake taratibu kama anayeweka kikombe juu ya kisahani, hata hanga moja la nguo ndani halikulia. Akapita katikati yao bila kumtazama mtu, akavua viatu mlangoni, akaingia chumbani. Walisikia kitanda kikilia mara moja, basi.

Simu ya mchoraji ikaita. Alikuwa ni mhariri. Mjukuu wangu akaidaka kabla haijaita tena, akamsomea maneno kwa kunong'ona.

Mhariri akauliza, "Sasa hiyo ni sayansi au ni uchawi?"

"Hiyo ni mume wangu."

"Wasomaji watauliza."

"Waambie waulize polepole."

Akakata. Alipogeuka, wadogo zake walikuwa wameshaanza.

"Kulala ni sayansi," mwalimu alikuwa akinong'ona. "Mwili unajitengeneza."

"Unajuaje? Mtu anakwenda wapi akilala? Anaongea na marehemu, anaruka, anarudi na alama ya mto shavuni. Huo ni uchawi mtupu."

Walinong'onezana hivyo kwa muda, na neno lenyewe, kulala, kulala, likawa linawafanyia kazi. Mchoraji alilaza shavu juu ya meza ili amsikie kaka yake vizuri, hakuliinua. Mwalimu aliendelea kumweleza hadi akafika kwenye ubongo, hapo kidevu kikagota kifuani, kikokotoo kikateleza mkononi.

Mjukuu wangu akabaki na saa ya ukutani. Zamu ya mumewe ilikuwa jioni. Ndipo alipokumbuka alichoandika: mtu asimwamshe. Akaenda chumbani, akamgusa bega. Hakuna. Akamtikisa. Ilikuwa kama kutikisa ukuta. Akarudi mezani mbio, akavuta karatasi chini ya shavu la mdogo wake, akaongeza mwishoni: ila mkewe tu.

Akaenda kujaribu. Akamshika kidole cha mguu kidogo tu, na mume akafungua jicho moja, akasema, "Muda bado?" Akamwambia bado, lala. Akalala.

Mjukuu wangu akashusha pumzi. Alikuwa amefua mashuka tangu alfajiri, amelisha mtu mzima sufuria nzima, amepokea jirani. Saa ilisema bado kuna nafasi ya kutosha. Akavuta kiti pembeni ya kitanda, ili muda ukifika awe pale pale karibu, na mkono akauweka kwenye mguu wa mumewe, ukiwa tayari. Chumba kilikuwa na joto la mchana, pazia limefungwa. Akasema atapumzisha macho tu, siyo kulala, na akayafumba, akawa anahesabu kimoyomoyo nguo atakazozipanga upya kabatini, shati, shati, kitenge, shati, na kichwa kikaegemea godoro, na mkono ukateleza polepole kutoka kwenye ule mguu, naye akalala.