Bwana Hathersage Agombea Tena

Nilikubali kuwa mkalimani kwa sababu moja tu: nilitaka kuliona jina la Hathersage likianguka.

Shule yetu ya msingi, hapa juu ya mji mdogo wa Kianjokoma, ilikuwa karibu kupewa jina hilo. Bwana Rupert, kitukuu wa marehemu Hathersage, aliyekuwa mtawala wa kikoloni huku kwetu, alikuja kutoka Uingereza na ahadi ya kujenga ukumbi, mradi jina la mzee wake liandikwe langoni. Wazazi ndio wangeamua. Mwenyekiti wao, Mugendi, alikataa kura ya siri.

"Tutapanga mlolongo," aliniambia. "Wanaolitaka jina wasimame nyuma ya mgeni. Wasiolitaka waende kule kwenye tangi la maji. Karimi, unawajua watu wetu. Nani atampa mgeni kisogo akimtazama?"

"Hakuna, mwenyekiti," nikamjibu.

Siku ya mkutano, Cucu Marcella, nyanya yangu, alikaa mbele. Analea mtoto wa darasa la nne, kwa hiyo naye ni mzazi. Uwanja ule wa shule zamani ulikuwa shamba la baba yake. Hathersage aling'oa miche yao ya kahawa, akisema kahawa si zao la Mwafrika, kisha akalichukua na shamba. Cucu, msichana mdogo, aliamriwa aibebe miche ile hadi motoni.

Bwana Rupert akasimama. "Baba wa babu yangu alikuwa mtu wa watu. Kabla ya kuja huku aligombea ubunge kwetu, mara mbili."

Nikatafsiri kwa Kiembu. Kisha nikamgeukia nikitabasamu. "Wazazi wanauliza, alishinda?"

Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"La," akacheka kwa haya. "Mara zote mbili alikuwa wa mwisho."

Hilo nililitafsiri kwa sauti ya juu zaidi.

"Kumbe hata kwao hawakumtaka!" Nelius, muuza mboga, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wakatutupia sisi!" mwingine akadakia. Watu wakaangua kicheko.

"Kule aliomba kura akanyimwa," nikaongeza, maneno yangu mwenyewe sasa. "Akaja huku, ambako hakuhitaji kumwomba mtu."

Kicheko kikakatika.

"Karimi, tafsiri tu!" Mugendi akafoka. "Haya, wazazi, mlolongo!"

Wachache wakajisogeza nyuma ya mgeni, macho chini. Wengine wakabaki wameduwaa. Ukumbi waliuhitaji kweli. Hapo Cucu akashika mkongojo wake, akapita mbele ya Bwana Rupert bila kumsalimia, akaenda kusimama kando ya tangi. Peke yake, juani.

Kwetu hakuna anayemwacha nyanya asimame peke yake.

"Cucu, ngoja nikushikie mwavuli," Nelius akasema, akamfuata. Wengine wakafuata. Mwishowe hata waliokuwa nyuma ya mgeni wakaanza kuvuka mmoja mmoja, hadi akabaki Mugendi tu.

"Basi, Cucu, keti," Mugendi akasema kwa sauti ndogo. "Tumeona."

"Hesabu kwanza."

"Cucu, kila mtu ameona."

"Baba yangu alihesabiwa miche yake yote iking'olewa. Hesabu."

Mugendi akaanza kuhesabu kwa Kiembu, jasho likimtiririka. Bwana Rupert aliyaelewa yote kwa macho. Hata hivyo niliinama karibu na sikio lake, nikamtafsiria kila nambari, polepole.